Medali ya Dalmas Hairuki Bila Mimi

Mheshimiwa mgeni wetu kutoka ubalozini, Mwenyekiti wa chama chetu Jackton, wachungaji wetu, ndugu mliopanda basi kutoka Jeddah, na nyinyi wenzangu wa hapa Riyadh mliopewa ruhusa mpaka saa kumi tu: hamjambo?

Mwanangu Dalmas alikuwa rubani wa ndege ya kutupa mabomu. Mmesikia sifa zake: alirudi mara mbili kwenye moto kuwaokoa askari waliozingirwa, na mara ya tatu hakurudi. Ni kweli. Lakini mimi nilimjua kwa neno moja. Kila akitua aliniandikia, "Mama, nimeshuka." Hapo ndipo nilipata kukaa. Kabla yake nilikuwa napiga pasi nguo zilizokwisha kupigwa pasi, mpaka madam ninayemfanyia kazi za nyumbani ananiuliza, "Roseline, leo una nini?"

Siku ile ya mwisho madam alikuwa na wageni, simu yangu ikafungiwa kabatini. Niliporudishiwa, hakuna neno. Nikadhani ni mtandao, nikazima, nikawasha, nikamwandikia, "Umeshuka?" Mpaka leo ujumbe uko hivyo, alama moja tu ya kutumwa, ile ya pili ya kufika haijatokea. Ni nani kati yenu angeweza kuufuta?

Nawaombea pia waliokuwa chini ya ndege yake. Huko nako kuna akina mama.

Alizikwa bila mimi. Kafili, yaani mwajiri anayeshika kibali changu, alisema ningoje Ramadhani iishe, kisha ningoje binti yao aolewe. Nimengoja miezi tisa. Juzi ametia sahihi ruhusa yangu ya kusafiri, naondoka keshokutwa.

Sasa, Mwenyekiti, ndugu yangu, umetushughulikia sana. Uliomba medali itoke nyumbani ije ikae kwenye ukuta huu wa ukumbi wetu, na Titus, mwenzetu aliyetoka likizo, akaileta ndani ya soksi isikwaruzwe. Msumari nauona umeshapigwa, na fremu ni nzuri. Lakini tangu asubuhi nimeishika, na mkono umekataa kufunguka. Utaniwia radhi? Pale tundikeni picha yake. Medali narudi nayo.

Kwetu mama aliyekosa mazishi haingii nyumbani kwanza. Anapitiliza kaburini na mzigo wake mkononi. Nitaiweka medali juu ya udongo, kisha nimwambie mimi lile neno lake: "Dalmas, nimeshuka."

Asanteni kwa kuitoa Ijumaa yenu mkanisikiliza.