Fundi wa Friji Anarudi Kwao

Mzazi unayemhimiza mwanao ahamie mjini kwa kuwa ndiko waliko mafundi wenzake, soma haya kwanza. Mama mmoja alikuwa kwenye treni, anarudi nyumbani roho mkononi, baada ya kumwacha mjini mwanawe, fundi umeme. Kiti cha mbele yake walikaa watu wawili wasiojuana: fundi bomba mtu mzima, na binti fundi wa friji, mtungi wa gesi ya friji miguuni, anarudi kwao kuishi moja kwa moja.

"Dada yangu, umerogwa?" fundi bomba akamuuliza. "Huko kwenu friji halifiki kwa fundi mpaka shemeji alichokoe kwanza kwa kisu cha jikoni."

"Basi nitaanza kwa kumfundisha shemeji."

"Cheka tu. Mjini kazi ikikushinda, unamwita mwenzako mtaa wa pili. Huko utamwita nani?"

Mama akasogeza sikio, adabu akaiweka kando.

"Kaka," binti akasema, "friji la zahanati yetu lilipozimika, fundi wa mjini alifika chanjo zimeshaharibika. Dada yangu alirudishwa nyumbani bila chanjo, mtoto mgongoni. Sasa sote tukikaa mjini, wao wamwite nani?"

"Utarudi tu, we ngoja."

"Nitarudi, gesi ikiisha."

Treni ikasimama. Binti akashuka na mtungi wake, fundi bomba akimpitishia begi dirishani, bado anabisha. Mama akajaribu kuwahesabu mafundi umeme waliobaki huko alikokuwa akirudi yeye, akamkosa hata wa kwanza.