Marehemu Hyasinta Bakili Mchopa na Sabuni ya Mtaa wa Narung'ombe

Baba Padri, wazee mliosafiri kutoka Masasi, majirani wa Mtaa wa Narung'ombe, na wote mlioacha shughuli zenu leo Jumamosi kuja kumsindikiza dada yetu: tunawashukuru sana. Mimi ni Candida, mdogo wake marehemu. Familia imenipa kazi hii kwa sababu ni mwalimu, na watu hudhani mwalimu hakosi la kusema. Leo nimetafuta maneno kwa shida, lakini nitajitahidi.

Marehemu Hyasinta alizaliwa Jumapili, tarehe 17 Agosti 1941, Lukuledi, wilayani Masasi. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Bakili Mchopa na Bibi Angelina, ambaye tuko naye hapa. Ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Hyasinti, basi jina halikusumbua mtu.

Alisoma shule ya misheni hapo hapo Lukuledi tangu mwaka 1950, akamaliza darasa la nne mwaka 1953. Alipenda hesabu, akachukia kushona. Nyumbani alimsaidia bibi yetu kuchuja majivu ili kupata magadi ya kulainishia mboga. Mimi nilikuwa nikiitwa kwa kazi hiyo najifanya tumbo linauma, na yeye ndiye aliyekuwa akinifichia siri.

Tarehe 15 Julai 1961 alifunga ndoa na Filbert Nannonde, fundi seremala. Mwaka uliofuata walikuja Dar es Salaam, wakapanga chumba uani kwa Mzee Hamud bin Abdulla, mwenye duka wa Mtaa wa Narung'ombe, na mkewe Bi Fakhriya. Mungu aliwajalia mabinti wawili, Benedikta na Klara. Shemeji Filbert alifariki Machi 1978, alipoanguka akiwa anapaua nyumba. Tangu hapo dada aliwalea watoto peke yake, na sikuwahi kumsikia akilalamika.

Kuanzia mwaka 1968 marehemu alifanya kazi katika kiwanda kimoja cha nguo hapa mjini. Mwishoni mwa 1982 vipuri vilikosekana, mashine zikasimama, naye akapunguzwa. Mwaka uliofuata likaja agizo la Nguvukazi: asiye na kazi inayotambulika mjini arudi kijijini akalime. Nikiwa Nachingwea nilimwandikia barua, nikamwambia afungashe, alete watoto. Alinijibu kwa mistari miwili: "Jembe nalijua, Candida. Ila Benedikta amechaguliwa sekondari, na shule yake siwezi kuifunga kwenye kanga nikaja nayo." Nilikasirika wiki nzima. Nilimwona mbishi.

Mnakumbuka uhaba wa sabuni siku zile. Watu walifulia majani ya mpapai. Dada akakumbuka magadi ya bibi. Alichukua majivu kwenye tanuri la mikate, akayachuja. Alinunua sokoni Kariakoo nazi zilizopasuka, ambazo hakuna aliyezitaka, akazikamua na kuchemsha mafuta yake. Vyote viwili alivipika pamoja uani, kwenye sufuria kubwa, akikoroga huku anasali rozari, maana hakuwa na saa na alipima muda kwa Salamu Maria. Alipata kitu kama uji. Kilitoa povu vizuri sana, lakini hakikuganda. Alirudia wiki tatu, uji ukabaki uji.

Sasa hebu fikirini mnamwona jirani yenu, mtu wa kusini, anachemsha majivu kila siku huku midomo inamcheza na hajibu akisalimiwa. Bi Fakhriya ameniruhusu niliseme hili mbele yenu: aliamini ule ni uchawi. Alimwambia mumewe, na Mzee Hamud akampa marehemu hadi mwisho wa mwezi awe amehama. Kuhama kulikuwa na maana moja tu, Masasi, na Benedikta akiwa na miezi mitatu tu sekondari.

Ijumaa moja, baada ya swala ya alasiri, marehemu alikwenda bombani kuteka maji. Bi Fakhriya akatoka na chumvi ya mawe, ile inayotumika kuvunja husuda, akasoma dua zake na kuimwaga yote ndani ya sufuria. Marehemu aliporudi alikuta uji umekatika kama maziwa, mabonge yanaelea juu na maji meusi yako chini. Majirani wanasema sauti yake ilifika barabarani.

"Nani kaniharibia sufuria yangu?"

"Mimi!" Bi Fakhriya alijibu bila kujificha. "Nimetia chumvi, uchawi wako uishe!"

Dada yangu alikuwa na ulimi, wanaomjua wanajua. Lakini siku ile aliketi chini, akalia. Baadaye aliyaengua yale mabonge, akayaweka kwenye boksi la mbao kwa kuwa hakuwa na moyo wa kuyatupa. Asubuhi yaliganda. Alikata kipande kwa kisu, akafulia sare ya Benedikta, ikatakata. Akaenda moja kwa moja kugonga mlango wa mbele.

"Bi Fakhriya, jana ulitia chumvi kiasi gani?"

Bi Fakhriya akakitazama kile kipande mkononi mwake. "Sikupima, Mama Benedikta," akasema. "Nilikuwa na hasira."

Walicheka mpaka Mzee Hamud akatoka dukani kuangalia kuna nini. Kisha wakaingia uani wote wawili kutafuta kipimo, safari hii kwa kikombe. Bi Fakhriya, aliyelelewa katika nyumba ya udi na marashi, akaongeza mafuta ya karafuu. Marehemu alipenda kumtania: "Majivu yanachafua, mafuta yanachafua, na chumvi uliitia kwa chuki. Haya, nusa!" Yule yule aliyetaka ahamishwe ndiye aliyemshika mkono mpaka kwa balozi wa nyumba kumi, Mzee Uwesu, kikundi chao cha kupika sabuni kikaandikishwa. Wakaguzi walipopita, dada alikuwa na kazi inayotambulika, na wanawake wanane pamoja naye. Barua yangu ya kumwita nyumbani alinirudishia, akiwa amefungia ndani yake kipande cha sabuni.

Marehemu alianza kuugua moyo mwezi Februari mwaka huu. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, na wanawake wa kikundi waliopokezana kitandani kwake, Waislamu na Wakristo, bila kukosa siku hata moja. Alifariki Alhamisi, tarehe 3 Oktoba 1985, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na minne.

Jana mchana wazee wa ukoo walikaa kikao juu ya watoto. Wengi walisema waende Masasi, nami nilikuwa mmoja wao. Bi Fakhriya akaomba kusema.

"Shikamooni, wazee wangu. Niliwahi kutaka kumtoa mama yao kwenye nyumba ile, Mungu akanizuia. Hawa hawatoki mpaka wamalize shule. Chumba ni chao."

Mama yetu, Bibi Angelina, ndiye aliyejibu: "Marahaba, mwanangu. Kaa nao."

Marehemu ameacha mama mzazi, Bibi Angelina. Mabinti wawili, Benedikta wa kidato cha tatu na Klara wa darasa la sita. Na wadogo zake, ambao mimi ni mmoja. Mpiga taipu wa wasifu huu aliniuliza jina la Bi Fakhriya aliweke wapi, kwa majirani au kwa marafiki. Nilimwambia aliandike hapa, kwenye ndugu: ameacha na dada mmoja, Fakhriya.

Ee Bwana, mpokee Hyasinta, umpumzishe katika amani yako.