Nahodha wa Kollsey na Masanduku Yake ya Minki

Mheshimiwa mchungaji, ndugu, na majirani mliovuka maji kuja kumsindikiza Steinar, familia imemtuma Hrefna, binti wa dada yake, aisome historia hii, naye ameonywa na mjane Sólrún asiongeze chumvi.

Steinar Hallvarðsson alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1949 huko Bolungarvík, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa mvuvi Hallvarður na mkewe Ásgerður, akasoma palepale hadi mwaka 1965, na mwalimu wake aliandika kwenye cheti kwamba kijana huyu hutazama dirishani zaidi kuliko ubaoni, jambo lililokuwa kweli, kwa kuwa dirisha lilielekea baharini, na marehemu hakutamani kitu kingine isipokuwa kuwa nahodha wa meli za mbali. Alifanya kazi katika mashua za uvuvi kwa miaka sita, na Machi 1972 akapata nafasi katika chuo cha unahodha mjini Reykjavík, masomo yakitarajiwa kuanza Septemba.

Tarehe 20 Aprili mwaka huohuo alishuka kisiwani Kollsey na begi moja, kumshikia kazi mzee Bárður aliyekuwa amevunjika mguu, kwa msimu mmoja tu wa bata. Bata hao hutandika viota vyao kwa manyoya laini ya vifuani, manyoya hayo ndiyo riziki ya kisiwa, na minki, yule mnyama mdogo mweusi wa jamii ya kicheche, akivuka kwa njia ya mwamba maji yakiwa yamekupwa, humaliza viota vya ufuko mzima kabla maji hayajarudi. Serikali ndiyo iliyoruhusu minki waletwe nchini wafugwe kwa ajili ya ngozi, na walipotoroka ikampa Steinar kibali cha kuwaua, kwa mhuri uleule, na marehemu alipenda kusema kwamba hakuna awezaye kuilaumu serikali kwa kigeugeu.

Mzee Bárður alimfundisha kazi ya masanduku, ya mbao tupu, yenye tundu la kupita ngumi, mtego ndani na jiwe zito juu ya kifuniko, mbao zikiwa zimelazwa mwaka mzima kwenye mvua na mwani hadi ziishiwe harufu ya msumeno na ya mkono wa mtu, kisha sanduku likaegemezwa kwenye mawe pale mwamba unapogusana na kisiwa, maana minki hakatizi uwanjani, hufuata ukingo, wala hawezi kulipita tundu bila kuchungulia. "Si njaa inayomponza," mzee alimwambia, "ni kutaka kujua kuna nini ndani," na Steinar akaona hilo ni neno la hekima, asitambue kwamba asubuhi ileile yeye mwenyewe alikuwa ameingiza kichwa jikoni kwa mzee, ili tu ajue ni nani anayekaanga samaki.

Aliyekuwa akikaanga alikuwa Sólrún, binti Bárður, nao walifunga ndoa tarehe 7 Julai 1973, wakajaliwa mtoto mmoja, Unnur, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1974, chuo kikamwekea Steinar nafasi mwaka mmoja na kisha mwingine, na begi likabaki nyuma ya mlango. Kanuni zilitaka kila mtego ukaguliwe kila siku, naye alipoiandikia wizara kuuliza afanyeje siku za dhoruba, alijibiwa kwamba aombe ruhusa siku kumi na nne kabla ya dhoruba husika. Majirani walimbatiza jina la Nahodha, na Ketill wa mashua ya posta hakukosa kumwuliza, "Nahodha, meli inang'oa nanga lini?", naye akijibu, "Maji yakipwa," na maji yakipwa ndiyo hasa saa ya kukimbilia masanduku.

Tarehe 15 Mei 1988 aliyafunga matundu ya masanduku yote, kwa kuwa kibali cha kutega kilikuwa chake peke yake, akamwacha Sólrún aangalie viota, akavuka kwenda kanisani Unnur alipopokea kipaimara, upepo ukamzuia huko siku mbili, na aliporudi alikuta ufuko wa kusini umetapakaa bata waliouawa na minki, na Sólrún amesimama katikati yao na ndoo mkononi, kimya. Kimya hicho Steinar alikibeba, hakukiulizia, na tangu siku hiyo hakulala tena nje ya kisiwa hadi alipougua. Unnur alihitimu unahodha mwaka 2001 bila baba yake kuwapo, akamwalika kila mwaka asafiri naye walau hadi visiwa vya Faroe, akamwambia kwa simu, "Baba, bahari iko mlangoni pako na hujaivuka," naye akajibu kwamba asubuhi hiyo ameona nyayo mbichi, na mara nyingi nyayo zilikuwapo kweli.

Februari 2021 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akagoma kwenda hospitali hadi apatikane mtu wa masanduku, daktari Hjördís akamwambia, "Steinar, huu si ugonjwa wa kungoja maji yapwe," na ndipo Hrefna, mtumishi wa ofisi ya kodi, alipochukua likizo ya wiki mbili akaja Kollsey.

Wiki mbili kabla ya mwisho, Sólrún, ambaye ameruhusu haya yasomwe, alimwambia kitandani hospitalini kwamba siku ile ya ndoo hakuwa na hasira, alikuwa akitafuta namna ya kumwambia kwamba alifanya vema kwenda kwa mtoto. "Miaka thelathini na minne, Sólrún," alisema. "Sasa ndiyo unaniambia?" "Hukuuliza," Sólrún akajibu, naye akacheka hadi muuguzi akaja mbio, kisha akageukia ukutani, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Alifariki tarehe 3 Juni 2022, mchana, katika hospitali ya wilaya, Unnur akiwa kando yake.

Jeneza lililetwa hapa jana kwa mashua ya Ketill, aliyemwachia Unnur usukani njia nzima, na bandarini karani alipotaka kujua aandike marehemu ni abiria au ni mzigo, Unnur alisema, "Andika baharia," na imeandikwa hivyo.

Familia inamshukuru daktari Hjördís na wauguzi wake, Ketill na majirani wote, mabaharia wenzake Unnur, na wizara, iliyotuma rambirambi, na katika bahasha hiyohiyo ikakumbusha kwamba kibali cha marehemu hakirithiwi. Kahawa ipo ukumbini, ila Hrefna anaomba radhi hatakunywa nanyi, kwa kuwa bata bado wamelalia mayai, maji yanakupwa saa tisa, na Ketill, aliyekwisha kumwuliza mara mbili leo likizo yake inaisha lini, anamsubiri gatini amvushe hadi Kollsey.

Steinar, umevuka. Pumzika, mjomba, masanduku yatakaguliwa leo.