Kanzu za Ubatizo za Mama Domitille

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja kidogo. Leo tunamkumbuka Mama Domitille wa Kampemba. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita.

Mama Domitille alikuwa mfuaji wa kanzu za ubatizo. Kwa miaka thelathini alifua kanzu ishirini na nne za kanisa lake. Alizijua zote, hata ile iliyoungua kwa pasi.

Wakati wa vurugu hapa mjini, mafundi wa kiwanda kimoja cha madini walikimbia. Bwawa la maji machafu likabaki bila mtu, ukuta ukabomoka. Maji yale yaliingia katika kijito cha ubatizo. Wenye kiwanda ndio walioezeka kanisa kwa bati.

Baada ya ubatizo uliofuata, Mama Domitille alianika kanzu. Zilipokauka, zilikuwa na matundu.

Jumapili alisimama kanisani, akapitisha kidole katika tundu.

"Pasta, mayi inakula kanzu. Ngozi ya mutoto je?"

Watu walicheka. Mmoja alimwambia apunguze sabuni. Pasta Donat alijibu kwamba Mungu alimpa mwanadamu dunia aitawale, na kijito kimebarikiwa.

"Mambo ya kiwanda ni politike, mama. Hapa ni kanisa."

Mwezi uliofuata, watoto tisa walipanga foleni kijitoni. Mjukuu wake Graciella alikuwa wa kwanza. Mama Domitille aliingia majini mbele yake, mpaka kifuani.

"Anza na mimi. Nikitoka muzima, leta batoto."

Wasikilizaji, kanisa lile halibatizi mtu mara mbili. Mama Domitille alikuwa amebatizwa zamani, hapo hapo. Pasta hakuweza kumbatiza, wala hakuweza kumpita. Waliimba nyimbo, wakazirudia, yeye amesimama tu. Mwishowe watoto walirudishwa nyumbani.

Miguu yake ilitoka vidonda. Havikupona. Kanisa lilimtenga, na halikuja kumzika.

Binti yake Séphora anasema: "Tulimuvalisha ile kanzu ya matundu. Ni yeye mwenyewe aliiomba."

Kabla ya maziko, Graciella alikata kipande cha ukingo wa kanzu ile, kisicho na tundu. Juzi Jumamosi alichovya kipande hicho kijitoni, akakianika. Kilitoboka.

Tunampa pole Mama Séphora, tunampa pole Graciella, na jamaa wote wa Kampemba. Wasikilizaji wapendwa, Jumapili hii kuna ubatizo kijitoni tena. Majina ya watoto yamebandikwa mlangoni mwa kanisa. Wazazi, nendeni mkayasome.