Mwalimu Maximiliana na Maneno ya Kisu

Mwalimu Maximiliana Luhaga anastaafu tarehe 30 Juni 1999, baada ya kufundisha kwa miaka thelathini na mmoja, kumi na miwili ya mwisho ikiwa hapa kwetu Bariadi. Aliombwa aongeze muda, akakataa. Anasema sauti imechoka. Sisi tunaofundisha chumba cha jirani bado tunamsikia vizuri tu.

Alikuja wakati shule yetu ya wazazi ina vyumba viwili na paa la kuungaunga. Sabuni na khanga zilikuwa zimerudi madukani, biashara ni ruksa, na kila mtu alitaka Kiingereza cha haraka cha kuombea kazi. Yeye hakuwa na haraka. Kidato cha Kwanza alikianzishia maneno ya kukata na kumenya, kwa kuwa vitabu havikuwapo lakini viazi vitamu vilikuwapo.

Alileta kikapu na visu, akawakalisha wanafunzi wote chini watengeneze michembe, vile vipande vya viazi tunavyoanika kwa ajili ya kiangazi. Mikono ikifanya kazi, yeye anaeleza. *Peel* limetokana na neno la Kilatini la unywele, maana mwanzoni lilikuwa kunyonyoa. *Pare* lilipitia Ufaransa, na huko lilikuwa kuandaa. *Slice* lilikuwa kibanzi cha mti. Mkaguzi mmoja alidhani ameingia kwenye somo la upishi, akasifu usafi wa viazi, akaenda zake.

Ila si wote waliosifu. Kwetu Usukumani michembe ni kazi ya wanawake. Mzee Magese wa Kasoli aliposikia kwamba mwanawe Januarius ameonekana akimenya viazi katikati ya wasichana, alikuja kumtoa shule siku hiyo hiyo. Alisema bora kijana akauze sabuni sokoni.

Jumamosi Mwalimu alipanda baiskeli hadi Kasoli. Nyumba ile naijua, maana ndiyo kwetu. Mzee Magese ni baba yangu.

Baba alikuwa amenuna, lakini mgeni ni mgeni, akachinja mbuzi. Mwalimu alivuta kigoda karibu naye, akamwita Januarius ataje kwa Kiingereza kila alichofanya baba. Kijana alitaja kuchuna, akataja kukata. Baba alijifanya hasikii, ila kisu kilikwenda polepole ili mtoto asipitwe. Kisha Mwalimu akaeleza kwamba *share*, yaani fungu la mtu, limetoka katika ukoo wa maneno ya kukata. Akamuuliza Januarius kwa nini iwe hivyo. Januarius alimtazama baba.

Mimi nilikuwa mlangoni pa jiko, nimeshika viazi. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba mwaka uliotangulia, sikuchaguliwa, na habari yangu ya shule ilikuwa imekwisha. Nilijibu bila kuulizwa, "Kwa sababu nyama isipokatwa, hakuna anayejua fungu lake."

Mwalimu aligeuka. Alimuuliza baba huyu binti anasoma wapi. Baba alisema hasomi. Mwalimu hakumlaumu wala hakumhubiria. Aliuliza tu fungu la binti huyu liko wapi. Baba aliendelea kukata, akawatengea wajomba na majirani nyama yao, akapangusa kisu kwenye majani.

"Mayu," alimwambia, yaani mama kwa Kisukuma, "ulikuja kuomba mmoja, chukua wawili. Lakini huyu wa kiume asimenye viazi hapa kwangu, watu watanicheka."

Mwaka uliofuata nilianza Kidato cha Kwanza. Januarius sasa ni mwalimu huko Nyashimo, nami, Debora Magese, nilirudi kufundisha hapa. Kuanzia Jumatatu, kipindi cha Mwalimu Maximiliana ni changu, na ninakiogopa.

Kwa niaba ya walimu wote, wafanyakazi na wanafunzi, tunakushukuru, Mwalimu. Tunakuombea afya na utulivu huko kwenu Shishiyu, shamba lizae na wajukuu wakusumbue kwa kiasi.

Baba alifariki mwaka jana. Hadi siku zake za mwisho, wageni walipomsifu kwa kusomesha watoto wawili, aliwajibu kwamba yeye alisomesha mmoja, na wa pili ulimsomesha wewe, Mwalimu. Uishi vyema, mama.