Ugonjwa Wake Hausomwi Hapa

Wazee wetu, majirani, wafanyakazi wenzake, ndugu na jamaa mliotoka karibu na mbali, familia imenipa mimi, mdogo wake wa tumbo moja, kazi ya kuwasomea maisha ya marehemu, ambaye nyumbani tulimwita Dada, kazini wakamwita Mama Mapokezi, na mtaani mkamwita Kufuli, jina ambalo halikumuudhi hata siku moja. Nitasoma yaliyo kweli, maana sifa za uongo msibani yeye mwenyewe alikuwa akizisikiliza huku amekunja uso.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1961, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi seremala na mama muuza maziwa, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, yenye ukuta mwembamba kiasi kwamba jirani akikohoa usingizini sisi ndio tuliompa pole. Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akamaliza kidato cha nne mwaka 1978, kisha akasoma uhazili, ambako walimu walimsifu kwa kupiga chapa na kumlaumu kwa mdomo, kwa sababu enzi hizo, na msicheke, Kufuli alikuwa anaongea kuliko redio.

Tarehe 2 Februari 1981 aliajiriwa mapokezi katika zahanati ya daktari wa mtaa wetu, ile yenye mabenchi mawili yanayotazamana, kuta zilizopakwa rangi ya kijani hadi kiunoni, na kidirisha cha mbao ambacho mgonjwa alilazimika kuinama ndipo asikike. Desturi aliyoikuta pale ilikuwa ya kuwaita wagonjwa kwa magonjwa yao, wa sukari aingie, wa presha asogee, na hakuna aliyeona ubaya, daktari mwenyewe aliita hivyo hivyo, na dada yetu, kwa sauti aliyojaliwa, aliita vizuri kuliko wote. Asubuhi moja mwaka 1984 alitoa kichwa dirishani akaita, "Wa kifua kikuu, zamu yako!" na aliyeinuka alikuwa mama fundi cherehani wa jirani, akiwa amekaa katikati ya wateja wake wawili. Yule mama alitoka nje moja kwa moja bila kuchukua dawa, na hakurudi tena, wateja wakaanza kufuata vitambaa vyao kabla havijashonwa, chumba chake kikapangishwa kwa mwingine, na baadaye tukasikia amefia ugenini bila matibabu. Habari hiyo ilipofika, marehemu aliacha kula kwa muda, na alipoanza tena kula hakuwa mtu yule tuliyemjua.

Alimwomba daktari wagonjwa waitwe kwa namba, akachonga vibao kwa mikono yake kwa mbao za baba, akadai chumba cha daktari kiwekwe mlango badala ya pazia, mafaili yasilazwe mezani majina yakiwa juu, na habari za mgonjwa asipewe mtu mwingine yeyote, awe mke, mume, mzazi au bosi wake. Daktari alimcheka kwanza, kisha akakubali, na mwisho akayabandika ukutani kama masharti ya zahanati. Kila aliyekwenda kuchungulia mambo ya mwenzake alikutana na jibu moja, "Muulize mwenyewe," na likamkaa mdomoni hadi nyumbani, ukimuuliza kama mumewe ameshakula, anakwambia muulize mwenyewe.

Tarehe 14 Desemba 1985 alifunga ndoa na fundi wa majokofu, shemeji yangu huyu aliyekaa mbele yenu, aliyekuwa akitania kwamba ameoa benki inayopokea tu, haitoi, nao wakajaliwa watoto wawili, wa kike na wa kiume, na wajukuu wanne.

Hapa baba mdogo aliniomba niruke, naye namheshimu, lakini siruki. Mwezi wa tatu mwaka 2009 nilisafiri kwenda kumwangalia binti yangu aliyekuwa amejifungua, dada akanisindikiza, akanibebea begi hadi stendi, akaninunulia maji, na basi lilipowashwa akashika dirisha akaniambia, "Usikae sana huko." Niliyachukulia kama maneno ya mtu yeyote anayebaki, nikacheka, nikakaa nilivyotaka, na tarehe 2 Aprili mume wangu akakutwa amefariki kitandani, peke yake, kwa ugonjwa wa ini ambao zahanati walikuwa wakimtibia zaidi ya mwaka, wakati mimi nikidhani ni uchovu wa kazi. Nilimuuliza dada mbele ya waombolezaji aliwezaje kubeba lile begi huku akijua, akalia, na kuanzia hapo tukawa tunapishana sokoni kama watu wasiojuana.

Marehemu alistaafu mwaka 2019, na Novemba 2021 akaanza kuugua. Niliposikia amekonda nilikwenda kwake bila kualikwa, maana damu ni damu, nikamkuta amekwisha, nikatoka hapo hadi zahanati na kumwambia yule binti wa mapokezi kwamba mimi ni mdogo wake, nataka kujua anaumwa nini. Binti huyo alifundishwa kazi na marehemu, akanitazama kwa adabu zote, akasema, "Mama, muulize mwenyewe," nikatamani kumzaba kibao.

Basi nilirudi nikamuuliza mwenyewe. Dada aliniambia yote, jina la ugonjwa, ulipoanzia, daktari alichosema, na akaniomba yasitoke kwangu na kwa mumewe. Nikaona mlango umefunguka, nikamuuliza na lile lililonikaa kooni miaka yote, kama ni mume wangu ndiye aliyekataza nisiambiwe, au ni yeye na masharti yake. Alinishika mkono, akasema, "Kufa hakujamtoa kwenye wagonjwa wetu." Nilimwogesha, nikamlisha, nikamgeuza kitandani miezi yote hiyo, nikamuuliza tena na tena, kwa upole na kwa ukali, akawa analia na mimi, lakini hakusema. Alifariki nyumbani kwake tarehe 17 Juni 2022, mchana, nikiwa namfuta mdomo, na jibu langu amekwenda nalo. Sitajua kamwe kama ni mume wangu aliyekataza nisiambiwe au ni masharti ya dada, na jambo hili linaniuma kuliko msiba wenyewe.

Sasa tumefika mahali ambapo historia hutaja ugonjwa. Kikao cha familia kilisema usipotajwa watu wataongea, na kweli mmeshaongea, tangu jana huko kwenye majiko nimesikia akipewa kansa, akipewa figo, akipewa na yale yanayotajwa kwa kunong'ona. Jina ninalo hapa mdomoni, na kama kuna mtu katika msiba huu mwenye sababu ya kulitoa, ni mimi. Silitoi. Wengi wenu mmeinama kwenye kidirisha kile, yupo aliyekwenda kwa mimba asiyoitaka, yupo aliyekwenda kwa maradhi ya akili, yupo aliyeingia amejifunika mtandio hadi machoni, na leo mmekaa viti vimegusana, hakuna anayejua la mwenzake, kwa sababu huyu aliyelala hapa aliwajua wote akanyamaza.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi kwa kumhudumia hadi dakika ya mwisho, inamshukuru binti wa mapokezi, ambaye nilimnunia naye hakunijibu vibaya, majirani kwa viti, masufuria na mikono yenu, wafanyakazi wenzake waliolibeba jeneza, na wote mliotufariji, hata mliouliza msichopaswa kuuliza.

Pumzika salama, dada yangu. Sijakusamehe bado, na siri yako ninayo.