Nerea Nasimiyu na Hadithi Iliyosimuliwa Mchana

Dada yetu Nerea Nasimiyu alizaliwa tarehe 9 Januari 1929 karibu na Bungoma, kifungua mimba wa Mwalimu Hudson, mwinjilisti, na marehemu mama yetu. Baba hakutaka ngano za mazimwi nyumbani mwake. Nyanya akianza tu kusimulia, sisi tulipelekwa kulala. Baba alitupenda, lakini hapo alitupunja, na Nerea ndiye aliyeumia zaidi.

Alisoma shule ya misheni hadi 1945, akafuzu uuguzi na ukunga mwaka 1950. Tarehe 12 Desemba 1953 alifunga ndoa na shemeji yangu Patroba, karani wa forodha. Machi 1962 wakahamishiwa hapa Amu, yaani Lamu.

Jirani yao alikuwa Bi Mwanatumu, bingwa wa hadithi. Nerea, mtu mzima na mwenye mtoto, alimbishia hodi saa nne asubuhi akaomba asimuliwe. Bi Mwanatumu alishtuka. Hakujua mgeni huyu kwamba msimulizi wa mchana huota mkia! Alimwambia arudi baada ya Isha, na toka hapo Nerea hakukosa. Patroba alilalamika kuwa wali wake unaungua kwa ajili ya majini.

Msidhani aliacha kazi akafuata ndoto. Wangapi hapa wamezalishwa naye? Ila alipopelekwa kijiji cha Mbwajumali kuchanja watoto, hakukubali kuteka maji kabla ya kumpigia hodi mwenye kisima, jini aliyetajwa hadithini. Wenzake walicheka wakashika mbavu. Yeye akasema kama hayupo, adabu haijaharibika.

Februari mwaka huu, 1967, alianza kuugua ini. Alilazwa Julai, wakati Bi Mwanatumu amefika katikati ya hadithi ndefu ya binti aliyezama baharini kumfuata nduguye aliyechukuliwa na majini. Wodini wageni huruhusiwa mchana tu. Daktari alipotueleza kwamba hatapona, Nerea alimwambia mumewe:

“Kufa sikuogopi sana. Naogopa kufa katikati ya hadithi.”

Patroba, yule yule mlalamishi, alikwenda kumwomba Bi Mwanatumu aje amalizie hadithi wodini. Akakataa. Akaenda tena, bibi akakataa huku analia, maana tangu azaliwe hajavunja mwiko huo, wala mamake hakuuvunja. Tusimlaumu. Kila mtu ana linalomtisha.

Alhamisi tarehe 17 Agosti, jua la utosi, Bi Mwanatumu aliingia wodini bila kuitwa. Alivua buibui lake akalitundika dirishani, akasema mkia ukiota ni wake mwenyewe. Kisha akaanza, “Paukwa,” na dada akajibu kwa sauti ndogo, “Pakawa.” Mimi na Patroba tulibaki mlangoni. Tulisikia sauti ya msimulizi muda mrefu.

Alipotoka, Patroba alimwuliza kama mkewe aliwahi kusikia mwisho.

“Mesikia wote, mwanangu,” akasema. “Nikamwambia hadithi imekwisha. Akanitazama, akasema, ‘Na halafu?’ Kisha akafumba mato.”

Hakuyafumbua tena. Alikuwa na miaka thelathini na minane, na sisi tumevunjika moyo.

Ameacha mumewe Patroba, mwanawe Douglas, baba yetu Mwalimu Hudson, mimi nduguye Wafula, na Bi Mwanatumu, aliyetaka tumwandike humu kama mama wa marehemu. Tumemwandika.

Mungu ampumzishe Nerea kwa amani, na amjibu.